Zinki chini, shaba juu, mtoto mnene: karatasi ya maabara inasema nini hasa

Swali: "Daktari, habari za kazi. Mwanangu wa kiume ana miaka 9, uzito kilo 42, urefu sentimita 135. Nilimpeleka maabara saa tisa alasiri akapimwa madini kwenye damu. Majibu ni haya: zinki 62 (wameandika 'chini'), shaba 168 (wameandika 'juu'), risasi 2.1, zote kwa mikrogramu kwa desilita. Feritini 38, CRP 9, hemoglobini 11.8. Wiki hiyo alikuwa na mafua. Nimeambiwa shaba na risasi ndizo zinazomnenepesha, na kwamba anahitaji zinki miligramu 50 kila siku, kromiamu, na dawa ya kusafisha metali mwilini. Ni kweli? Nianzie wapi?"

Jibu

Mama, nianze na la haraka. Hiyo zinki ya miligramu 50 usimpe, na dawa ya kusafisha metali usikubali apewe kabisa. Shaba na risasi hazimnenepeshi mwanao. Katika namba zote ulizotuma, inayohitaji kushughulikiwa ni feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, ambayo maabara haikuiwekea alama yoyote wala aliyekushauri hakuigusia.

Unene wenyewe ni wa kweli. Chukua kilo 42, gawanya kwa 1.35 mara 1.35, unapata BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu, ya 23. Kwa mvulana wa miaka 9, chati ya Shirika la Afya Duniani ina mstari wa +1, dalili ya uzito uliozidi, karibu na 18, na mstari wa +2, ambapo unene uliokithiri unaanzia, karibu na 20.5. Mwanao ameshauvuka wa pili. Urefu wake, kwa upande mwingine, uko juu kidogo ya wastani wa umri wake, na hiyo ni habari njema. Mtoto anayenenepa kwa sababu ya chakula na kukaa sana huwa anarefuka vizuri tu. Anayenenepa huku urefu umesimama ndiye wa kuchunguzwa mapema tezi ya thairoidi na homoni za adrenali. Kwa hiyo tafuta kadi zake za zamani za kliniki, maana urefu wa miaka miwili iliyopita una maana kubwa kuliko kipimo chochote cha madini.

Sasa tuje kwenye madini. Tishu ya mafuta haikai kimya mwilini. Ikizidi, seli zake hutanuka, seli za kinga hujazana humo, na kemikali kama interlukini-6 zinamwagika kwenye damu kidogo kidogo, siku baada ya siku. Hali hiyo ndiyo tunaiita inflamesheni: kinga imewaka moto mdogo usiozimika. Ini huzipokea kemikali hizo kama taarifa ya maambukizi. Halijui kama ujumbe umetoka kwenye kidonda, kwenye mafua au kwenye mafuta ya tumboni. Jibu lake ni lilelile.

Na jibu hilo ndilo unaloliona kwenye karatasi yako. Ini hutengeneza seruloplasmini kwa wingi, protini inayobeba zaidi ya asilimia 90 ya shaba iliyo kwenye seramu. Protini ikipanda, shaba inayopimwa hupanda nayo, hata kama mtoto hajala shaba zaidi. Wakati huohuo ini huvuta zinki kutoka kwenye damu na kuificha ndani ya seli zake, na albumini, inayobeba sehemu kubwa ya zinki ya seramu, nayo hupungua. Kisha linatoa hepsidini, homoni inayofunga mlango ambao chuma hupitia kutoka utumboni na kutoka kwenye ghala la mwili kuingia kwenye damu. Mwili umejifunza kumnyima bakteria chuma na zinki. Kwa maambukizi ya siku tano ni mbinu nzuri sana. Kwa unene wa miaka mitano, mlango umefungwa muda wote na mtoto ndiye anayeumia.

Ndiyo maana tafiti nyingi za watoto wanene zinakutana na picha ileile: shaba juu, zinki chini, chuma cha seramu chini. Picha hiyo siibishii. Kasoro iko kwenye namna inavyosomwa, kwa sababu sehemu kubwa ya tafiti hizo hupima damu na uzito siku moja, mara moja tu. Ukimkuta mtu ana homa na anatoka jasho, huwezi kusema jasho ndilo lililoleta homa. Ili kusema metali fulani inanenepesha, lazima watoto wapimwe kabla hawajanenepa, wafuatiliwe miaka kadhaa, na itenganishwe athari ya chakula, umri, balehe na mazingira wanayoishi. Umri peke yake unavuruga hesabu: watoto wadogo wana risasi nyingi kuliko wakubwa kwa sababu hutambaa na kutia mikono mdomoni, na shaba ya seramu hupungua mtoto anapokua.

Wazo la zinki, kusema haki, si la kipuuzi. Kongosho huhifadhi insulini ikiwa imefungwa mafungu ya molekuli sita sita, na kila fungu linashikiliwa na ayoni mbili za zinki. Kuna jaribio lililofanyika Iran kwa watoto wanene 60 wa miaka 6 hadi 10 ambao walipewa zinki miligramu 20 kwa siku kwa wiki nane, na vipimo vya insulini vikawa bora kidogo. Lakini ni watoto wachache, muda mfupi, na dozi yenyewe inazidi kikomo cha mtoto wa miaka 4 hadi 8, ambacho ni miligramu 12. Kwangu hiyo ni sababu ya kufanya utafiti zaidi. Si sababu ya kumpa mtoto wako vidonge.

Tupitie namba zako.

Zinki 62. Zinki ya seramu hubadilika ndani ya siku moja: asubuhi iko juu, mtu akishakula na jua likishapanda inashuka. Kwa hiyo vikomo vinavyotumiwa na wataalamu wa lishe ya zinki vinafuata saa. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 10, upungufu ni chini ya 65 damu ikitolewa asubuhi, na chini ya 57 ikitolewa mchana au alasiri. Yake ilitolewa saa tisa alasiri, na tena alikuwa na mafua. Kwa hiyo 62 haiko chini. Karatasi imemlinganisha, bila shaka, na kikomo cha 70 ambacho ni cha watu wakubwa waliopimwa asubuhi kabla ya kula. Na hata ingekuwa chini kweli, zinki ya seramu ni sehemu ndogo sana ya zinki yote ya mwili, chini ya asilimia 1. Inasaidia kuelewa hali ya kundi la watoto kuliko hali ya mtoto mmoja.

Shaba 168 na CRP 9 zisomwe pamoja. CRP ni kipimo cha inflamesheni kwenye damu; ikizidi 5, ujue ini limeshaanza kazi yake ya dharura, na shaba kupanda ndicho kinachotarajiwa. Hapa hakuna sumu ya shaba. Kuna mafuta yaliyozidi na kuna mafua.

Sasa angalia hiyo zinki ya miligramu 50 ingefanya nini. Kikomo cha juu kwa mtoto wa miaka 9 hadi 13 ni miligramu 23 kwa siku, chakula na vidonge vikijumlishwa. Anachohitaji hasa ni miligramu 8. Zinki nyingi huufanya ukuta wa utumbo utengeneze protini iitwayo metalothionini, ambayo hushika shaba kwa nguvu kuliko inavyoshika zinki. Shaba inanaswa ndani ya seli za utumbo, seli hizo zinabanduka baada ya siku chache, na shaba inatoka na choo. Baada ya wiki au miezi mtoto anaweza kupata upungufu wa damu usiokubali dawa ya chuma, pamoja na kupungua kwa chembe nyeupe za kinga. Baya zaidi ni hili: ukimrudisha maabara utakuta shaba imeshuka, na utaambiwa tiba inafanya kazi.

Kromiamu inauzwa kwa ahadi ya kuyeyusha mafuta. Mwaka 2014 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilihitimisha kwamba hakuna ushahidi wa kuridhisha kuwa kromiamu ni kirutubisho cha lazima kwa mwili, na majaribio ya kupunguza uzito kwa watu wazima yameonyesha faida ndogo mno isiyobadilisha maisha ya mtu. Halafu sindano ya kawaida ya chuma cha pua inaweza yenyewe kuchafua sampuli kwa kromiamu. Kipimo chake kwa mtoto mnene ni hela iliyopotea.

Risasi 2.1 inahitaji maelezo ya kina kidogo, kwa sababu hapa kuna mambo mawili yasichanganywe. Kuhusu unene, ushahidi hauelekei huko ulikoambiwa. Zipo tafiti kutoka takwimu za afya za Marekani zilizokuta watoto wenye risasi zaidi wakiwa wembamba kidogo. Kuhusu ubongo, hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mstari wa 3.5 unaotumiwa na CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, tangu 2021 si mstari wa usalama. Ni takwimu tu: asilimia 2.5 ya watoto wa miaka 1 hadi 5 nchini humo wako juu yake. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa risasi ya damu ikifika 5. Kwa 2.1 mtoto hahitaji dawa, ila pita nyumbani ukague: rangi ya zamani inayobanduka ukutani au dirishani, mabomba ya zamani ya risasi, vyombo vya udongo vilivyopakwa vanishi inayong'aa, wanja usiojulikana ulikotengenezwa, viungo vya chakula vilivyotiwa rangi, na mtu wa nyumbani anayefanya kazi ya betri za magari au kuchomelea na kurudi na nguo zilezile. Mwenye kazi hiyo abadilishe nguo na aoge kabla hajambeba mtoto, na nguo zake zifuliwe peke yake. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, kwa kuwa ufagio mkavu hulirusha hewani.

Kama damu ya risasi ilitolewa kwa kutoboa kidole na jibu likawa juu, lirudiwe kwa damu ya mshipa kabla mtu hajaogopa. Chembe ya vumbi kwenye ngozi ya kidole inatosha kupandisha namba. Pia hakikisha ilipimwa kwenye damu nzima. Zaidi ya asilimia 95 ya risasi ya damu imo ndani ya chembe nyekundu, kwa hiyo jibu la risasi ya seramu halina kazi.

Dawa za kutoa metali, zile zinazoshika risasi na kuitoa kwa mkojo, ni tiba halali ya hospitali, nazo hufikiriwa risasi ikifika 45. Zina hatari zake. Mwaka 2005 huko Marekani watoto wawili walifariki baada ya kupewa EDTA ya sodiamu, aina ambayo huvuta kalsiamu ya damu hadi moyo unasimama. Mtu akikwambia ampe mtoto dawa kwanza ndipo apime mkojo "kuona metali zilizojificha", ondoka hapo. Dawa hiyo hupandisha metali kwenye mkojo wa mtu yeyote, hata asiye na tatizo, kisha jibu hulinganishwa na vikomo vya watu ambao hawakupewa dawa. Kila mtoto atatoka mgonjwa. Kipimo cha nywele nacho usikitegemee: sabuni, maji na vumbi huacha metali kwenye nywele, na maabara mbili zinaweza kutoa majibu mawili tofauti kwa kichwa kimoja.

Sasa feritini. Feritini ndiyo ghala la chuma, na kwa mtoto mwenye afya wa zaidi ya miaka 5, ghala huhesabiwa tupu ikiwa chini ya 15. Hapo 38 inaonekana salama, ndiyo maana hakuna aliyeitilia shaka. Lakini feritini, kama seruloplasmini, hupanda inflamesheni ikiwepo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unasema kwamba palipo na maambukizi au inflamesheni, kikomo cha umri huu kinahama kutoka 15 hadi 70. CRP yake ni 9. Feritini 38 chini ya kivuli hicho inaashiria upungufu wa chuma. Hemoglobini 11.8 bado iko juu kidogo ya 11.5, ambayo ni mpaka wa upungufu wa damu kwa miaka 5 hadi 11, maana yake ghala linaisha kabla damu yenyewe haijapungua. Mtoto wa hivi huwa mchovu, hapendi kukimbia, hasikilizi vizuri darasani, na watu humwita mvivu. Tena mwili wenye njaa ya chuma hunyonya risasi zaidi, kwa sababu madini hayo mawili hugombea mlango mmoja utumboni. Kutibu chuma ni kinga ya risasi pia.

Kabla ya kumwanzishia dawa ya chuma, subiri wiki mbili hadi tatu tangu mafua yaishe kabisa, kisha rudia feritini, CRP na hemoglobini. CRP ikishuka chini ya 5 na feritini ikabaki, tuseme, 25, hilo ni eneo la kujadiliana na daktari kwa kutazama dalili na chakula. CRP ikibaki juu na feritini iko chini ya 70, dawa ina hoja. Dozi apange daktari kwa uzito, na hapa wengi hukosea kusoma lebo: kidonge cha feras salfeti cha miligramu 200 kina chuma halisi takriban miligramu 65 tu, na dozi ya mtoto huhesabiwa kwa hicho chuma halisi. Apewe mbali na chai na maziwa, pamoja na tunda lenye vitamini C. Choo kuwa cheusi ni kawaida. Baada ya miezi mitatu apimwe tena, feritini na CRP siku moja. Kwa mtoto mnene dawa inaweza kuonekana haishiki, kwa sababu hepsidini bado imefunga mlango. Uzito ukipungua kidogo, hepsidini hushuka na chuma kilekile kinaanza kuingia.

Ikiwa daktari ataona zinki au shaba irudiwe, mtoto atolewe damu asubuhi kabla ya kula, na saa iandikwe kwenye fomu. Itumike chupa maalumu ya madini, yenye kizibo cha bluu iliyokoza. Chupa za kawaida zina zinki kwenye kizibo cha mpira, na zenye EDTA hushika metali zenyewe. Mpira wa kufungia mkono usikae zaidi ya dakika moja. Seramu itenganishwe ndani ya saa mbili, maana chembe nyekundu zimejaa zinki na zikipasuka zinaimwaga. Ukiona jibu limeandikwa kwamba sampuli ilikuwa nyekundu kwa chembe kupasuka, usilitumie kwa zinki wala chuma. Angalia na vipimo pia: maabara nyingine huandika kwa mikromoli kwa lita. Zinki zidisha kwa 6.54, shaba kwa 6.35, upate mikrogramu kwa desilita. Wazazi wameshtuka bure kwa kuona zinki 10 wakadhani imebaki moja ya sita, kumbe ni 65.

Vipimo ambavyo kwa kweli vinamhusu ni presha, kwa mkanda unaotosha mkono wake (mkanda mdogo hutoa presha ya uongo iliyo juu), sukari ya asubuhi au HbA1c (wastani wa sukari ya miezi michache iliyopita), mafuta ya damu, na kimeng'enya cha ini ALT. Hiki cha mwisho kina jambo moja linalorudi kwenye shaba. ALT ikiwa juu kwa mtoto mnene, wote hufikiri mafuta kwenye ini, na mara nyingi ni kweli. Lakini ugonjwa wa Wilson, ambao shaba hujazana kwenye ini na ubongo, huweza kujificha nyuma ya picha hiyohiyo, na wenyewe una dawa. Dalili yake kwenye damu ni kinyume cha unachoogopa: seruloplasmini huwa chini, kwa kawaida chini ya miligramu 20 kwa desilita, na shaba ya seramu huwa chini pia, huku ya mkojo wa saa 24 ikipanda. Inflamesheni inaweza kuinua seruloplasmini hiyo hadi ionekane ya kawaida, kwa hiyo ALT isiyoshuka baada ya miezi kadhaa ya kupunguza uzito isiachwe hivihivi.

Kuhusu uzito wenyewe, lengo kwa umri wake si kukonda haraka. Akibaki kilo 42 huku akirefuka sentimita 5 au 6 kwa mwaka, BMI inashuka yenyewe kutoka 23 hadi karibu 21. Anza na vinywaji vyenye sukari, kwa kuvitoa nyumbani kwa kila mtu ili asione ameadhibiwa peke yake. Dakika 60 za kucheza hadi atwete kila siku, na usingizi wa saa 9 hadi 12. CRP itakuonyesha kama moto unapungua, na shaba itashuka nyuma yake bila dawa yoyote ya shaba.

Vidonge vya chuma, mkipewa, vikae kwenye kabati lenye kufuli, hasa kama kuna mtoto mdogo zaidi nyumbani. Kwa mtoto wa kilo 10, chuma halisi cha miligramu 200 kinaanza kuleta sumu, na 600 kinaweza kumuua. Hesabu hiyo ni vidonge vitatu, na tisa. Akivimeza, mpeleke hospitali saa hiyohiyo na uchukue kopo lake, hata kama ametapika kisha anaonekana amepata nafuu, kwa sababu nafuu ya saa chache za kwanza ni ya uongo.